Ilhamu na Mwelekeo wa Mtunzi: Abdilatif Abdalla Kabla na Baada ya Kamiti

Katika uhakiki wa ushairi wa Kiswahili imezoeleka kauli moja ambayo, kwa kurudiwarudiwa, imekaribia kupewa hadhi ya ukweli usiohitaji ushahidi. Kauli hiyo ni kwamba gereza la Kamiti ndilo lililomzaa Abdilatif Abdalla mshairi. Kwamba kijana aliingia humo akiwa mwanasiasa na akatoka akiwa malenga. Mwanafunzi wa shule huiandika katika karatasi ya mtihani na mwalimu akaipa alama. Vyuoni nako husikika, ila kwa lugha iliyopambwa zaidi: dhiki ni chemchemi ya sanaa. Madhumuni ya makala haya ni kuipinga kauli hiyo. Haikanwi kwamba dhiki ilikuwako. Ilikuwako, tena kali. Linalokanwa ni kwamba dhiki hiyo ndiyo iliyompa mtunzi ilhamu na mwelekeo. Ilhamu ilikuwa imekwisha kumfikia kwa njia nyingine, na mwelekeo alikuwa ameuchagua kabla mlango wa seli haujafungwa.

Jambo hili halimhusu Abdilatif peke yake. Idara ya lugha inayowapokea vijana wenye hamu ya kutunga haina budi kuwa na jibu kwa swali lao la kwanza, yaani utungo hutoka wapi. Ikiwa hutoka katika mateso, basi mwalimu hana la kufundisha, na mwanafunzi aliyekulia katika nyumba ya amani afadhali aende akasome uhasibu.

Neno ilhamu lina asili ya Kiarabu, na katika istilahi za wanazuoni wa Kiislamu huwa na maana ya lile atiwalo mja moyoni na Mola wake, tofauti na wahyi, ambao ni wa mitume. Watunzi wa tenzi za kale waliilewa maana hiyo na waliiheshimu. Kwa hiyo ndiyo maana utenzi huanza kwa jina la Mungu, ukamhimidi na kumswalia Mtume. Lakini baada ya hapo, mara nyingi katika beti zilezile za mwanzo, mtunzi huomba kitu kingine kabisa: aletewe karatasi na wino. Mwana Kupona, aliyetunga utenzi wake mnamo 1858, anamwita binti yake asogee karibu na vifaa hivyo kabla hajaanza kumuusia. Wahakiki wengi huupita utaratibu huu wakiuona kuwa ni desturi tupu ya kufungulia utungo. Huenda ni desturi, lakini desturi haizuki bila fikira. Dua na wino zimewekwa jirani kwa sababu mtunzi wa kale hakulitenga lile litokalo juu na lile liletwalo kutoka chumba cha pili.

Yafaa izingatiwe pia kwamba Mwana Kupona alikuwa mgonjwa alipotunga, na kwamba anautaja ugonjwa wake waziwazi. Anautajaje? Anasema kwamba maradhi yalimshika muda wa mwaka hata asipate nafasi ya kumwambia mwanawe neno la maana. Kwake yeye maradhi ni kizuizi kilichoyachelewesha maneno. Hayakuyaleta. Fikira kwamba maumivu ndiyo yanayompa mtu tungo haimo katika utenzi huo, na ni vigumu kuiona katika tenzi nyingine mashuhuri za zama zile. Imeingia baadaye, pengine pamoja na vitabu vya Kizungu vya kufundishia fasihi, na imekaribishwa bila kuulizwa ilikotoka.

Abdilatif alizaliwa Mombasa mwaka 1946, na sehemu kubwa ya utoto wake ilipita Faza na Takaungu katika malezi ya Ahmad Basheikh bin Hussein, mzee wa ukoo wake aliyekuwa mshairi. Ndugu yake Ahmad Nassir Juma Bhalo alikuwa tayari na jina: tungo zake zilichapwa Marekani mwaka 1966 pamoja na tafsiri ya Lyndon Harries, kisha diwani yake, Malenga wa Mvita, ikatoka mwaka 1971. Ndugu yake mwingine, Sheikh Abdilahi Nassir, alikuwa mwanachuoni na mwanasiasa. Kwa hiyo nyumba moja ilikuwa na mashairi, elimu ya dini na siasa, na hapana shaka kwamba mambo hayo matatu hayakuwa yakikaa vyumba mbalimbali. Mtoto aliyelelewa hivyo hujifunza bahari za ushairi kama ajifunzavyo kuogelea, kwa kutiwa majini. Mizani humwingia sikioni kabla hajajua kwamba ina jina.

Nyuma ya nyumba hiyo ulikuwapo mji. Mombasa ni mji wa Muyaka bin Haji, ambaye katika miaka ya mapambano baina ya Wamazrui na Sayyid Said, kabla ya mji kuangukia mikononi mwa Said mwaka 1837, aliushusha ushairi kutoka vitabu vya dini akauweka barazani, ukabishana, ukatukana, ukashawishi. Kabla ya mtu kumfundisha Abdilatif lolote kuhusu fasihi na siasa, mji wake ulikuwa umekwisha kulifanya jambo hilo kwa zaidi ya karne nzima. Tena ushairi wa Mvita haukuwa wa mtu mmoja kujikalia na hisia zake. Ulikuwa wa majibizano: huyu hutunga akamlenga yule, na yule asipojibu huhesabiwa kuwa ameshindwa. Nukta hii itarejewa, kwani ndiyo inayoufungua utungo mkuu wa diwani.

Mwaka 1968 ulikuwa mwaka wa uamuzi. Wagombea wa chama cha upinzani cha KPU walikuwa wamezuiwa kushiriki katika uchaguzi wa serikali za mitaa, na Abdilatif, kijana wa miaka 22, akaandika kijitabu kilichoitwa Kenya: Twendapi? Kilisambazwa kwa siri. Mwaka uliofuata alishtakiwa kwa uchochezi, na kifungo chake kikawa cha miaka mitatu, sehemu kubwa yake akiwa peke yake selini. Anayetafuta mwelekeo wa mtunzi huyu na autafute katika anwani ile ya neno moja na alama ya kuuliza. Twendapi ni swali la njia, na limeulizwa kwa wingi. Halikuuliza mwandishi aende wapi na maisha yake. Liliuliza nchi inaelekea wapi, na likachukulia kwamba njia ya mwandishi imo ndani ya njia ya nchi. Kila kilichomo katika Sauti ya Dhiki kimetokana na swali hilo. Gereza halikuliongeza neno. Lilichofanya ni kumnyang'anya mwenye swali kijitabu, mkutano, rafiki na barabara, likamwachia chombo kimoja ambacho halikuweza kumpokonya kwa sababu kilikuwa kifuani.

Chombo hicho ni arudhi. Shairi la kawaida la tarbia lina mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita iliyogawika nane kwa nane, na vina viwili vinavyorudi, cha kati na cha mwisho. Ubeti mzima basi ni mizani sitini na nne. Mtu asiye na karatasi anaweza kuutunga ubeti huo usiku, akauhesabu kwa vidole, akaulalia na kuamka nao. Na neno likimpotea, kina humwonyesha lilivyokuwa limeishia na mizani humwambia lilikuwa na urefu gani. Insha haina fadhila hiyo. Sura ya riwaya ikipotea kichwani imepotea. Inajulikana kwamba tungo za diwani hii ziliandikwa juu ya karatasi za msalani na kutolewa gerezani kwa siri, na habari hiyo husimuliwa sana kwa kuwa inasisimua. Lakini karatasi ile nyembamba ilipokea kilichokuwa kimekwisha kukamilika kwingine. Yule mtunzi wa kale aliyeagiza wino na karatasi alikuwa na mtu wa kumwagiza. Huyu hakuwa naye, na hata hivyo utungo ulisimama, kwa sababu kunga zake alizipata katika nyumba ambamo wino ulikuwapo.

Itapingwa kwamba hoja hii inaeleza jinsi tungo zilivyohifadhiwa bila kueleza uzuri wake. Pingamizi hilo ni la haki, na jibu lake limo katika tungo zenyewe. Chukua «Mnazi: Vuta N'kuvute». Ndugu wawili, Alii na Badi, wanaugombea mnazi. Mmoja anang'ang'ania faida yake, mwingine anadai haki aliyonyimwa, na kauli zao zinapokezana. Wahakiki wamekwisha kueleza vya kutosha kwamba mnazi ni nchi na matunda ni uhuru, na hakuna haja ya kuyarudia hayo. Lisiloelezwa vya kutosha ni umbo. Mtu aliyefungiwa peke yake, asiyeruhusiwa kuzungumza na mwenziwe, ametunga majibizano. Amejigawa nafsi mbili ili baraza lipatikane. Na hakumfanya mpinzani wake kuwa mjinga: yule mwenye kung'ang'ania amepewa hoja, amepewa kiburi chenye ladha, amepewa na mishororo mizuri. Laiti uchungu ndio ungekuwa chemchemi, utungo huu ungekuwa wa sauti moja ya kulaani. Uadilifu huo wa kumpa adui neno lake ni adabu ya majibizano ya Mvita, ambayo humtaka mtu amshinde mwenziwe kwa ubora wa ubeti. Hapa mapokeo yamemwongoza mtunzi kuwa mwenye haki zaidi kuliko hali yake ilivyomruhusu. Haya ndiyo mafanikio makubwa kabisa ya diwani, na kwa maoni ya makala haya yanazidi hata yale ya tungo zinazopendwa zaidi na walimu.

Miongoni mwa tungo hizo zinazopendwa ni «Jipu» na «Mamba», ambazo ni mafumbo. Hudaiwa kwamba mtunzi alifumba kwa sababu ya hofu: askari angezikamata karatasi. Ikiwa ndivyo, «Siwati» inaelezwaje? Humo hamna fumbo. Neno lenyewe, ambalo kwa Kiswahili sanifu lingekuwa siachi, ni tamko wazi la mtu akataaye kuuacha msimamo wake, na lingetosha kumletea balaa nyingine. Mtunzi aliyeweza kusema hivyo wazi hakufumba kwingine kwa woga. Alifumba kwa kuwa fumbo ni namna ya kufikiri aliyorithishwa, inayomwezesha mtu kulitazama jambo la leo kwa jicho la siku nyingi. Jipu lina tabia zake: huvimba, hukataza usingizi, huiva kwa wakati wake. Anayelifikiria jipu kwa makini amekwisha kuifikiria dhuluma bila kuitaja.

Lugha nayo ni sehemu ya mwelekeo. Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ilipoanza kazi yake mwaka 1930 ilikuta Kiunguja kimekwisha kuteuliwa kuwa msingi wa usanifishaji, na tangu hapo mwandishi wa Mombasa alitarajiwa kuvua Kimvita chake mlangoni kila aingiapo kitabuni. Abdilatif hakukivua. Anwani «N'shishiyelo ni Lilo» ina kitenzi chenye umbo la kale la timilifu, ambalo Kiswahili sanifu kimelipoteza na ambalo husikika zaidi katika ushairi kuliko sokoni. Kutamka kwamba nililoshikilia ni lilelile, na kulitamka kwa umbo ambalo lenyewe limeshikiliwa na vizazi, si jambo la bahati. Wapo wasomaji wa bara wanaolalamika kwamba lugha hiyo huwatatiza. Hapana budi watatizike kidogo. Ndipo watakapoona kuwa kuna kitu kimeshikwa.

Mwaka 1973 ulitoa vitabu viwili vilivyobeba jina lake, na ni ajabu kwamba havisomwi pamoja. Kimoja ni Sauti ya Dhiki. Kingine ni Utenzi wa Fumo Liyongo wa Muhammad Kijumwa wa Lamu, uliotungwa mwaka 1913, ambao yeye aliuhariri akiwa Dar es Salaam baada ya kufunguliwa mwaka 1972. Kisa cha Liyongo kinajulikana: shujaa na mshairi aliyefungwa minyororo na Sultani wa Pate, akamtumia mama yake ujumbe ndani ya wimbo kupitia kwa kijakazi Saada, akitaka aletewe tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa makapi ambao walinzi wasingeutamani. Kisha akawatungia watu wimbo wa gungu, wakaimba na kupiga ngoma na magoma, na katika kelele hizo yeye akaikereza minyororo hata ikakatika. Kwa hiyo mapokeo ya Kiswahili yalikuwa na mfano wa mshairi mfungwa karne nyingi kabla ya Kamiti kujengwa, na katika mfano huo wimbo una kazi ya kutenda. Huagiza tupa, na huificha sauti ya tupa. Liyongo haimbi ili aupoze moyo wake. Anayezisoma tungo za Abdilatif kama kilio huku kisa hiki kikiwa mkononi mwa mtunzi huyohuyo, katika mwaka huohuo, ameuchagua upofu.

Inafaa hapa kumtaja Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye naye aliwekwa Kamiti kutoka Desemba 1977 hadi Desemba 1978 na kuandika humo riwaya ya Kigĩkũyũ, Caitaani Mũtharaba-inĩ, juu ya karatasi za aina ileile. Husemwa kwamba gereza ndilo lililomgeuza kutoka Kiingereza. Lakini tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, aliyoiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ilikuwa imechezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977, na ndiyo iliyomfungisha. Kwake pia mwelekeo ulitangulia seli. Tofauti ni kwamba yeye ilimbidi aijenge njia ya nathari katika lugha ambayo riwaya zake zilikuwa chache, ilhali Abdilatif aliikuta njia imekanyagwa.

Tofauti hiyo inarudisha ubishi wa miaka ya sabini baina ya wenye kushikilia arudhi na wenye kuikataa. Euphrase Kezilahabi alipoitoa Kichomi mwaka 1974, watetezi wake waliiona arudhi kuwa ni pingu na huru kuwa ndiye asiyehesabu mizani. Ni kinaya kwamba mwaka mmoja tu kabla yake mtu aliyetiwa pingu za chuma alikuwa ameonyesha kwamba zile za mizani zilimwacha huru. Hata hivyo kinaya si hoja, na washairi wa mapokeo walikitumia vibaya. Kezilahabi alilelewa Ukerewe, mbali na baraza za pwani. Tarbia haikumwingia sikioni akiwa mtoto kama ilivyomwingia mwenziwe, na kumtaka aipate ilhamu mlemle ni kumtaka aazime utoto wa mtu mwingine. Kila mmoja wa wawili hawa aliifuata sauti aliyokuwa nayo. Walioshindwa ni wale waliofuata hesabu ya mizani peke yake, au kukosekana kwake peke yake, na majarida ya miaka ile yana tungo zao nyingi.

Sauti ya Dhiki ilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974, yaani kwa jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Baada ya hapo, kwa muda wa miongo minne na zaidi, diwani ya pili haikutoka. Abdilatif alifanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili Dar es Salaam. Akaitafsiri riwaya ya Ayi Kwei Armah kwa jina la Wema Hawajazaliwa mwaka 1976. Akaenda London mwaka 1979 kutangaza katika idhaa ya Kiswahili ya BBC, baadaye akahariri jarida la Africa Events. Na tangu 1995 hadi 2011 akafundisha katika Chuo Kikuu cha Leipzig. Wenye kuamini kwamba dhiki ndiyo chemchemi wana maelezo mepesi: dhiki iliisha, chemchemi ikakauka. Maelezo hayo yanamsahau mtu aliyeishi uhamishoni miaka mingi, kana kwamba uhamisho ni raha.

Maelezo yenye uzito zaidi yamo katika kazi alizozifanya. Riwaya ya Armah ni swali la Twendapi likiulizwa Ghana. Kuuhariri utenzi wa Kijumwa, na miongo karibu minne baadaye, mwaka 2011, kuzihariri tungo za Kamange na Sarahani wa Pemba zilizokusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, ni kuirudia nyumba ya Faza na Takaungu na kuhakikisha kwamba wino haukuki. Mtu anaweza kuwa na mwelekeo mmoja maisha yake yote na bado akaufuata kwa kazi ambazo hazina jina lake kwa herufi kubwa. Lakini watetezi wake nao wasipite mpaka. Kuhariri si kutunga. Ushairi wa Kiswahili ulipoteza kitu katika miaka hiyo, kwa kuwa majibizano humtaka mtu awepo barazani, na mtu wa London au Leipzig hujibiwa kwa posta. Ikiwa kuna jambo lililoipunguza sauti hiyo, baraza iliyokosekana ni mshukiwa mwenye haki zaidi kuliko dhiki iliyokwisha.

Hata hivyo hukumu kamili haiwezi kutolewa kwa sasa. Tungo alizoendelea kutunga baada ya 1973 zilichapwa hapa na pale, nyingine zikasomwa tu mbele ya hadhira, na mwanafunzi anayezitaka hulazimika kuziokota moja moja. Kazi ya kuzikusanya, pamoja na kuzipanga kwa miaka na kuonyesha kila moja ilimjibu nani, iko ndani ya uwezo wa idara yoyote ya Kiswahili katika nchi hii, na ingefaa ifanywe wakati wale waliozisikia zikisomwa wangali wakizikumbuka.